Kanoni Apolo Kivebulaya: Aliyefunguliwa Minyororo Akarudi

Na Katibu wa Kwaya



Makasisi wetu, wazazi wa kwaya, waimbaji wa zamani na wa sasa, na wageni wote mliofika kutoka Migori na Homa Bay, tunawakaribisha katika jubilii yetu. Neno kuu la sherehe hii ni Mungu aokoaye wakati wa taabu. Kwa hiyo kamati imeona vyema tusome maisha ya mtu mmoja aliyeijua taabu na kuujua wokovu, naye ni Kanoni Apolo Kivebulaya.

Apolo hakuzaliwa kwetu, lakini si mgeni. Hadi mwaka 1921 makanisa ya Kianglikana ya Nyanza yalikuwa chini ya Dayosisi ya Uganda. Askofu J. J. Willis, aliyeanzisha kazi ya Maseno mwaka 1906, ndiye aliyekuja kuwa askofu wa Uganda mwaka 1912, na Apolo akatumika chini yake. Wazee wetu waliobatizwa mwanzo walikuwa kondoo wa zizi moja na mtu huyu.

Kuzaliwa na ujana

Alizaliwa karibu mwaka 1864 huko Kiganda, katika sehemu ya Singo, nchini Buganda. Alikuwa pacha wa kwanza, akaitwa Waswa, kama sisi Wajaluo tunavyomwita wa kwanza Opiyo. Ndugu yake akawa Kato, kama Odongo wetu. Nyumba yenye mapacha ilikuwa nyumba ya heshima, lakini nyakati zilikuwa mbaya. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, baada ya kupita nchi hizi za magharibi mwa Kenya. Mwaka 1886 vijana Wakristo walichomwa moto Namugongo. Kisha vikaja vita vya dini, Mkristo akipigana na Mwislamu, na Mprotestanti na Mkatoliki.

Katika vurugu hizo Waswa alijifunza dini ya Kiislamu na kushika silaha upande wa Waislamu. Lakini mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay yalikuwa yamemgusa, na baadaye akaanza kusoma Injili. Mwaka 1895 akabatizwa na kuitwa Apolo, jina la yule mhubiri wa Aleksandria tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alilipata kwa watu, maana alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake nyeupe, nao wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Mke wake alifariki mapema, na Apolo hakuoa tena hadi mwisho wa maisha yake.

Safari ya Boga

Mwaka huohuo alitumwa Toro kuwa mwalimu. Ng'ambo ya milima ya Rwenzori na mto Semliki kulikuwa na mahali paitwapo Boga, kwenye ukingo wa msitu mkubwa wa Kongo. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kwenda huko, lakini chifu Tabaro aliwanyima chakula mpaka wakashindwa na kurudi. Mwaka 1896 Apolo akajitolea kwenda. Jambo moja la safari hiyo linatufurahisha sisi watu wa shamba: alikwenda na jembe. Alijua kwamba njaa ndiyo iliyowafukuza wenzake, akaamua kulima chakula chake mwenyewe.

Alifika, akalima, akafundisha watu kusoma, na wachache wakaamini. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Tabaro aliona kwamba mafundisho haya yanaharibu pombe, wake wengi na desturi zake. Apolo akapigwa viboko vikali. Nyumba ya ibada ikachomwa.

Minyororo

Kisha likatokea jambo zito kuliko yote. Mwanamke mmoja wa jamaa ya Tabaro aliangukia mkuki na kufa, na ajali hiyo ikatokea karibu na mahali pa Apolo. Chifu akapata sababu. Apolo akashtakiwa kwamba ameua, akafungwa minyororo na kupelekwa Fort Portal kwa afisa wa Kiingereza. Akatiwa gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya, mbali na nyumbani, akiwa hana mke wala mtoto wa kumletea chakula.

Tuliposoma habari hii tuliwakumbuka Paulo na Sila katika gereza la Filipi. Lakini angalieni tofauti. Usiku ule wa Filipi nchi ilitetemeka na milango ikafunguka mara moja. Kwa Apolo nchi haikutetemeka. Alikaa na minyororo yake. Alichopewa katika siku hizo za dhiki, kama yeye mwenyewe alivyosimulia baadaye, ni kumwona Kristo amesimama karibu naye, aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Tangu siku hiyo hakuwa na hofu ya mtu tena.

Baadaye ikaonekana kwamba hana hatia, akafunguliwa. Sasa angeweza kwenda popote. Buganda kulikuwa na ndugu zake, na Toro kulikuwa na mfalme Daudi Kasagama aliyewapenda walimu. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Apolo alivuka Semliki mara ya pili, akarudi Boga, kwa Tabaro yuleyule.

Tabaro alishangaa. Alikuwa amempiga mtu huyu, amemnyima chakula na kumpeleka gerezani, naye amerudi bila mkuki. Mwishowe chifu akaomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Msituni

Apolo alifanywa kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akawa kanoni wa Namirembe. Katikati ya miaka hiyo mpaka ulibadilishwa na Boga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Alikuwa amehamishiwa Toro, lakini akaomba kurudi Boga, akarudi. Tangu mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi wa msitu ambao majirani zao waliwadharau. Aliketi nao, akala nao, akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikaanza kutafsiriwa kwa lugha hiyo. Wengi walimjua kama mtu asiyetunza mali. Alichopewa, alikigawa.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kuzikwa kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi ile, na Kanisa hata Uingereza humkumbuka kila tarehe 30 Mei.

Sisi tunajifunza nini?

Kwaya hii inaimba juu ya wokovu kila Jumapili, lakini kila Ijumaa na Jumamosi inaimba matangani. Katika miaka yetu tumewazika waimbaji wenzetu. Ukimwi uliacha nyumba nyingi za Homa Bay na Migori bila wazazi. Mto Kuja unapofurika, watu wa Nyatike hulala shuleni na watoto wao. Ziwa nalo linatulisha na kutunyang'anya.

Siku moja tuliimba kwenye bichi, katika matanga ya kijana mvuvi ambaye mtumbwi wake ulipinduka usiku. Tulipomaliza, mama yake alituuliza kwa upole: kama Mungu huokoa, mbona wenzake wawili walifika ufukweni na wake hakufika? Hatukuwa na jibu. Na maisha ya Apolo hayatupi jibu la kumfanya mama yule aache kulia. Hata Apolo alimzika mke wake. Vijana wa Namugongo waliomba, na moto ukawaka.

Lakini maisha haya yanatuonyesha kitu ambacho tunaweza kukifanya. Apolo alipofunguliwa hakuuchukua wokovu wake na kukimbia nao. Aliurudisha mahali pa taabu. Kwa Tabaro, na kwa Wambuti waliosahauliwa, wokovu wa Mungu ulifika kwa miguu ya mtu aliyerudi.

Basi hili ndilo ombi letu kwa kila mwimbaji katika jubilii hii. Matanga huwa na hema, viti, vipaza sauti na watu wengi. Wiki ya tatu hema limeng'olewa, na mama amebaki na paa linalovuja na ada ya shule. Hapo ndipo anapohitaji kwaya. Turudi, hata kama ni watu wanne tu, bila sare na bila kinanda. Tuchukue unga, tuchukue jembe kama Apolo, tumsaidie kupalilia, kisha tuimbe wimbo mmoja. Kwa mama yule wa bichi tumeanza kurudi, naye sasa hutusubiri.

Na wewe ndugu uliyeiacha kwaya kwa sababu uliumizwa na maneno ya mtu, ukikishika kijitabu hiki leo, jua kwamba nafasi yako katika sauti yako ipo. Aliyevuka Semliki mara ya pili alikuwa na sababu kubwa kuliko zetu za kutorudi.

Mungu aliyemtembelea Apolo katika minyororo awatembelee nyote katika taabu zenu. Amina.