Finch Hatton: Mwindaji wa Takaungu aliyemtetea simba

Ukitoka Kikambala alfajiri na gari la kukodi, mko wanne na mafuta mmechangishana, njia za kwenda Tsavo Mashariki ni mbili. Ya kwanza ni kurudi Mtwapa na kupambana na foleni ya Mombasa. Ya pili ni kupanda kaskazini, mpite mashamba ya mkonge ya Vipingo, mfike Mavueni, mkate kushoto kuelekea Kaloleni na Mariakani, ndipo muingie barabara kuu ya Voi. Chukueni hii ya pili. Karibu na Mavueni, upande wa baharini, kuna njia ya kushuka Takaungu. Katika miaka ya 1920 kulikuwa na jamaa mmoja Mwingereza aliyekuwa na nyumba huko, na hii safari yenu ya kukaa ndani ya gari, kutazama simba na kurudi nyumbani na picha tu, ina mkono wake ndani.

Jina lake ni Denys Finch Hatton. Kama umelisikia mahali, huenda ni kwa sababu ya filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, ambamo Robert Redford aliigiza kama yeye. Filamu ilimpa nywele za kupendeza. Denys mwenyewe alikuwa na upara, na kofia haikumbanduka kichwani.

Alizaliwa London mnamo Aprili 24, 1887, katika ukoo wa mabwana wakubwa, lakini alikuwa mtoto mdogo wa kiume na cheo cha baba kilimngoja kaka yake. Akasoma Eton, akasoma Oxford, kisha akaja huku kwetu akiwa na miaka ishirini na kitu. Akanunua ardhi upande wa Eldoret, akafanya biashara hii na ile. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza akapigana dhidi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, na mwaka 1918 akajifunza urubani nchini Misri. Mwaka huo huo alikutana Nairobi na Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya Vilima vya Ngong. Mapenzi yao yameandikwa hadi yakachosha, kwa hivyo nitayaruka. Tosha kusema kwamba kwa miaka kadhaa vitabu vyake na santuri zake zilikaa katika nyumba ile ambayo sasa ni makavazi, na yeye mwenyewe alikuwa akifika na kuondoka.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kwenda porini. Katikati ya miaka ya 1920 aliingia kazi ya kuongoza wageni matajiri kuwinda. Tusimpake rangi nzuri: kazi ilikuwa kuua. Mteja alitaka ndovu mwenye pembe nzito, simba mwenye shungi, nyati na kifaru, na Denys ndiye aliyejua mahali pa kuwapata na namna ya kumrudisha mteja akiwa mzima. Watu walimlipa vizuri kwa sababu alikuwa mtulivu mbele ya hatari na hakuwa na papara.

Na hapa kuna jambo ambalo filamu haikulisema. Wakati Denys akipewa leseni ya kuua ndovu, Waata wa bara ya Kilifi na Tsavo, ambao wengine huwaita Waliangulu au Wasanye, walikuwa wakifanywa wahalifu kwa kazi ile ile. Hawa walikuwa wawindaji wa ndovu tangu mababu, kwa upinde mkubwa mgumu kuuvuta na mishale ya sumu. Sheria ya mkoloni ilitaka leseni, na leseni ilitaka pesa. Mwenye bunduki na karatasi akaitwa mwanaspoti. Mwenye upinde akaitwa jangili. Tsavo ilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1948, watu hao walisakwa na kufungwa, hasa katika miaka ya 1950. Denys hakuitunga sheria hiyo, lakini aliishi ndani ya nafuu yake.

Kilichombadilisha ni gari.

Mwindaji wa zamani alitembea. Alifuata nyayo siku nzima, akachunga upepo usimpelekee mnyama harufu yake, akatambaa kwenye miiba, na mara nyingi mnyama alimshinda. Gari lilivunja mpango huo wote. Kwenye nyanda wazi kama Serengeti, simba hamkimbii gari jinsi anavyomkimbia mtu aliye kwa miguu. Umbo la mtu likijificha ndani ya bodi la chuma, simba halitambui kama adui. Anainua kichwa, anatazama, analala tena. Denys aliliona hilo mapema na akalitumia kwa kamera: alisogea karibu akapiga picha za simba waliostarehe kabisa. Wengine waliona jambo hilo hilo wakatoa bunduki. Katika muda mfupi kundi la wageni lingeweza kumaliza simba wengi bila hata kukanyaga nyasi.

Jambo hili lilimuuma. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliandika katika gazeti la The Times la London akilaani uuaji wa simba kutoka kwenye magari huko Serengeti, na akasukuma wakubwa wachukue hatua. Wakubwa wa Tanganyika hawakufurahia kufundishwa kazi hadharani, lakini kelele zilisaidia. Mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ikafanywa hifadhi kamili ya wanyama, na mwaka 1951 ikawa mbuga ya taifa.

Alikuwa pia na mteja mmoja ambaye kila alichofanya kilifuatwa na magazeti ya dunia. Mnamo 1928 alimwongoza Mwanamfalme wa Wales, mrithi wa ufalme wa Uingereza, katika safari ambayo ilikatizwa kwa sababu mfalme aliugua. Mwanamfalme alirudi mwaka 1930, na mara hii kamera ya sinema ilikuwa na kazi nyingi kuliko bunduki. Leo tungesema Denys alimpata influensa mkubwa kuliko wote. Matajiri waliomwiga mwanamfalme kwa suti na kofia wakaanza kuona kwamba picha ya simba hai nayo ni sifa ya kujivunia.

Je, aliacha kuwinda? Hapana. Aliendelea kuwapeleka wateja na aliendelea kula kwa kazi hiyo. Mimi namwamini zaidi kwa sababu hiyo. Angekuwa malaika tangu mwanzo, nani kati ya wawindaji wenzake angemsikiliza? Uwindaji wa leseni nchini Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977 tu, miaka mingi baada yake.

Mwaka 1930 alileta ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth. Alimpeleka Karen kutazama heroe wa Ziwa Natron kutoka juu, na walizunguka vilele vya Ngong mahali tai wanapoelea. Ndege hiyo pia ilirahisisha kuja pwani. Shamba lake la Takaungu lilikuwa juu ya mwamba wa matumbawe, kati ya magofu ya kale yenye mnara mdogo, kisima na miembe michache mikongwe. Wavuvi walipita kumuuzia samaki. Kuhusu nani alilima pale kabla yake maandishi yako kimya, na msomaji wa Kilifi anajua kwa nini swali la ardhi ya pwani halijapoa hadi leo.

Mapema mwaka 1931 shamba la kahawa lilikuwa limeuzwa, Karen akijiandaa kurudi Denmark. Mwezi Mei Denys aliruka kwenda Takaungu, akiwa na mpango wa kupitia Voi ili ajue kama makundi ya ndovu yanaweza kutafutwa kutoka angani. Karen aliomba kwenda naye, akakataliwa: safari ingekuwa ngumu, na huenda wangelazimika kulala porini. Aliyekwenda naye ni Kamau, kijana Mkikuyu aliyekuwa akimfanyia kazi.

Wazo la kutafuta ndovu kwa ndege halikuwa la mzaha. Siku hizi Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huhesabu ndovu wa Tsavo kwa ndege ndogo. Tofauti ni kwamba Denys alitaka kujua walipo ili mteja ajue pa kwenda na bunduki.

Alhamisi ya Mei 14, 1931, asubuhi, ndege iliruka kutoka Voi kuelekea Nairobi. Ilizunguka, ikaanguka, ikawaka moto. Denys na Kamau walikufa papo hapo. Denys alikuwa na miaka 44.

Mwili wake ulipelekwa Nairobi kwa treni na kuzikwa kwenye Vilima vya Ngong. Baadaye kaka yake aliweka mnara wa mawe wenye maneno kutoka kwa mshairi Coleridge kuhusu kuwapenda watu, ndege na wanyama. Karen alikwisha kuondoka, na hakurudi Kenya tena hadi alipofariki mwaka 1962. Huko Denmark alipata barua kwamba simba dume na jike walikuwa wameonekana mara kadhaa wamelala juu ya kaburi lile, kwa sababu ardhi yake ilikuwa tambarare na kutoka hapo wangeweza kuona ng'ombe na wanyama wengine bondeni.

Jina la Kamau halimo kwenye mnara huo. Mkisimama Voi kununua maji kabla ya kwenda langoni, mtakuwa karibu na mahali walipoanguka wote wawili.