Bernhard Grzimek na Hesabu ya Serengeti

Kamati ya gazeti letu imeniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, ambaye wanafunzi walioko shuleni sasa watafaidika kumjua. Nimemchagua hayati Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeifanya Serengeti ijulikane duniani kote. Nimemchagua kwa sababu alifanya jambo ambalo sisi watumishi wa serikali tunalihubiri mara nyingi na kulitenda mara chache: alitaka hesabu ipatikane kwanza, ndipo mipaka ichorwe.

Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, ambao siku hizi uko Poland na huitwa Nysa. Alisomea udaktari wa wanyama. Mwaka 1945, baada ya Vita Kuu ya Pili, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imebomolewa kwa mabomu na kubakiwa na wanyama wachache tu. Aliifufua na kuiongoza hadi mwaka 1974.

Katika miaka ya 1950 alisafiri Kongo pamoja na mwanawe Michael, wakapiga filamu iliyoonya kwamba wanyama wa porini wanakosa mahali pa kuishi. Filamu hiyo ilipata tuzo mjini Berlin mwaka 1956 na kuingiza fedha nyingi. Wakati huo huo serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa ikifikiria kubadili mipaka ya Mbuga ya Serengeti, ambayo ilitangazwa mwaka 1951 na ilikuwa bado ikijumuisha Ngorongoro. Grzimek alitaka kutoa fedha za filamu zinunue ardhi ya kuokoa wanyama. Mkurugenzi wa mbuga, Peter Molloy, alimshauri vingine: fedha hizo zitumike kujua wanyama ni wangapi na huenda wapi, kwa maana hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika.

Basi baba na mwana wakajifunza urubani, wakanunua eropleni ndogo na kuipaka milia kama pundamilia. Mnamo Desemba 1957 waliirusha wenyewe kutoka Frankfurt hadi Afrika Mashariki. Mwezi Januari 1958 waliruka juu ya tambarare, mstari baada ya mstari, wakahesabu wanyama wakubwa 366,980, na kati yao nyumbu walikuwa 99,481. Waliwafunga baadhi ya wanyama alama za rangi ili wafuatilie mwendo wao. Wakagundua kwamba mipaka mipya iliyokuwa ikipendekezwa haikulingana na njia za nyumbu: makundi makubwa yalikuwa yakitoka nje ya mipaka hiyo kufuata majani.

Kazi hiyo ilidai gharama kubwa. Tarehe 10 Januari 1959 eropleni iligongana na tai angani, ikaanguka, na Michael akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliyameza machungu, akamaliza kitabu na filamu waliyoianza pamoja. Mwaka 1960 filamu hiyo ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani. Aidha, kwa takriban miaka thelathini Grzimek aliendesha kipindi cha wanyama katika televisheni ya Ujerumani, akiwahimiza watazamaji waje kuona mbuga zetu. Aliamini kwamba nchi maskini itahifadhi wanyama iwapo wageni watakuja na fedha zao. Hapana shaka sehemu ya utalii tunaojivunia leo ilianzia hapo.

Lakini ndugu zangu, kumsifu marehemu kusitufanye tuiache nusu ya habari. Grzimek aliamini kwamba mbuga ya taifa isikaliwe na watu kabisa, hata wafugaji. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya mbuga wakahamia upande wa Ngorongoro, kwa ahadi kwamba huko wataishi pamoja na mifugo yao na wanyama wa porini.

Sasa tazameni yaliyofuata. Katika miaka ya 1970 nyumbu walizidi milioni moja. Sababu kubwa haikuwa mipaka. Ilikuwa ni sindano. Chanjo ya sotoka walipochanjwa ng'ombe wa wafugaji kandokando ya mbuga, ugonjwa huo ulitoweka hata kwa nyumbu, na ndama wao wakaacha kufa. Zaidi ya hayo, nyumbu wengi huzaa katika tambarare zilizomo upande wa Ngorongoro, mahali ambapo Wamasai huchunga, nao huondoa ng'ombe wao wakati wa uzazi ili wasiambukizwe ugonjwa utokao kwa ndama wa nyumbu. Kumbe afya ya ng'ombe na uhai wa nyumbu ni hesabu moja. Grzimek, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa wanyama, aliwahesabu nyumbu kwa uangalifu mkubwa, ila mfugaji alimwona kama mzigo tu katika hesabu hiyo.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Tangu mwaka 2022 baadhi ya kaya za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na mabishano juu ya uhamaji huo ni makali. Sikusudii kuyamaliza hapa. Nasema tu kwamba katika utumishi wangu nimepata kuona mpaka ukichorwa mezani kabla mtu hajakanyaga mahali penyewe, na wakazi wakaja kuulizwa baadaye.

Grzimek alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa na umri wa miaka 77. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro, akazikwa kando ya mwanawe.

Vijana mnaosoma sasa, miongoni mwenu watatoka mabwana nyama, madaktari wa mifugo na maofisa wa ardhi. Igeni subira ya baba na mwana wale ya kuhesabu mstari baada ya mstari. Kisha mshuke chini, mkahesabu na maboma.