TOM MIX: SAJINI MTORO ALIYEGEUKA SHUJAA WA SINEMA

Ndugu askari, aliyepata kuketi mbele ya sinema za kauboi atamkumbuka yule mpanda farasi mwenye kofia pana, anayewaokoa wanyonge na kuwatia mbaroni majambazi bila kuichafua suruali yake. Mtindo huo ulistawishwa hasa na Tom Mix, Mmarekani ambaye maisha yake twayasimulia hapa kwa sababu yanaligusa jeshi mahali panapouma.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1880 huko Mix Run, jimbo la Pennsylvania, baba yake akiwa mtunza farasi wa tajiri mmoja wa mbao. Vita vya Marekani na Hispania vilipozuka mwaka 1898 alijiandikisha katika kikosi cha mizinga. Akapanda cheo hadi kuwa sajini, lakini hakuvuka bahari wala hakusikia risasi ya adui. Mwaka 1901 alijiandikisha tena. Mwaka uliofuata akaoa, akapewa ruhusa mwezi Oktoba, asionekane tena kambini. Daftari la jeshi likamwandika mtoro. Lakini hakupata kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Alielekea Oklahoma, akahudumu katika baa, kisha akaingia shamba kubwa la mifugo la ndugu Miller, lililokuwa na maonyesho ya wapanda farasi. Kwa muda alikuwa hata askari wa usiku wa mji mdogo wa Dewey. Mtoro kulinda sheria! Twacheka, lakini kwa shingo upande.

Kampuni ya Selig ilimwingiza katika filamu yapata mwaka 1910, na Fox ikamchukua mwaka 1917. William S. Hart, aliyemtangulia kwa sifa, alionyesha nyika yenye vumbi na majonzi. Mix alileta mavazi ya kumetameta, mbio na miruko ya hatari, ambayo mara nyingi aliifanya mwenyewe juu ya farasi wake Tony, akaumia si mara moja. Katika miaka ya 1920 walikuwa wachache waliolipwa kumshinda.

Ndipo watangazaji wakamzulia vita: Kuba, Ufilipino, Uchina, hata vita vya Makaburu. Naye akaziitikia sifa hizo. Sisi twaliona hilo kuwa kosa zito kuliko utoro wenyewe, kwani wapo waliokufa kweli katika vita hivyo, na majina yao hayajulikani na mtazamaji yeyote. Majalada ya jeshi yalimuumbua baada ya kufa kwake.

Sauti ilipoingia katika filamu alicheza chache tu, ya mwisho mwaka 1935, akageukia sarakasi. Tarehe 12 Oktoba 1940, karibu na Florence, Arizona, gari lake lilipinduka mahali palipokuwa pakitengenezwa daraja, na sanduku lake la safari likamgonga kichwani akafa. Tony alikufa mwaka 1942. Sanduku hilo limewekwa katika jumba la makumbusho mjini Dewey, pale pale alipowahi kushika doria.