Dokta Leader Stirling, Daktari Aliyekaa Kijijini

Michango ya mwaka huu tumeielekeza kwenye nyumba za watumishi wa afya. Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini nyumba ya nesi itangulie vitanda na vifaa. Tungeweza kujibu kwa tarakimu, maana ndiyo kazi yetu ya kila siku, lakini tumeona heri tuwaletee maisha ya mtu mmoja aliyefanya udaktari kijijini miaka mingi kabla ya kuwa Waziri wa Afya wa nchi hii. Hakuwa wa Nyanda za Juu, alitumikia Masasi na Nachingwea. Hata hivyo wazee wetu waliokuwa wakisikiliza Redio Tanzania miaka ya sabini jina lake si geni kwao.

Leader Stirling alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London. Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 29, alikuja Tanganyika na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alipangiwa Lulindi, kusini ya mji wa Masasi, upande wa kuelekea mto Ruvuma. Hospitali yake ilikuwa ya kuta za udongo na paa la nyasi.

Tujaribu kufikiri udaktari wa mwaka huo ulikuwaje. Penisilini haikuwepo, raia wa kawaida walianza kuipata baada ya Vita Kuu ya Pili. Kidonda cha mguu kikishaoza, kiliweza kummaliza mtu mzima mwenye nguvu zake. Watu waliletwa na malaria, safura, buba na ukoma. Mama aliyeshindwa kujifungua alibebwa kwa machela, na mara nyingi alifika akiwa amechelewa. Barabara za Kusini wakati wa masika zilikuwa zinakatika kabisa. Sisi tuliokulia kandokando ya barabara kuu ya Zambia, ambako basi la Makambako na la Mafinga linapita kila saa, inatubidi tujikaze kulielewa hilo.

Mpasuaji hafanyi kazi peke yake. Anahitaji mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi, mwingine wa kuchemsha vyombo, na mwingine wa kukesha na mgonjwa baada ya kupasuliwa, tena huyo wa kukesha ndiye anayeokoa wengi. Watu hao Stirling hakuwaagiza kutoka ng'ambo. Aliwatafuta palepale, vijana wa shule za misheni, akawafundisha uuguzi huku wakifanya kazi. Kwetu sisi hili ndilo jambo kubwa kuliko upasuaji wake wote, kwa sababu daktari mgeni siku moja huondoka, ila muuguzi aliyezaliwa kijiji cha tatu kutoka hapo hubaki, na anajua lugha ya mgonjwa, na anajua mgonjwa anaficha nini.

Mwaka 1949 aliacha UMCA, akaingia Kanisa Katoliki na kuhamia kwa Wabenedikto huko Mnero, Nachingwea. Akaanza tena kujenga hospitali. Alikaa hapo mpaka 1964, ndipo akaenda Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Tupige hesabu kidogo. Lulindi miaka 14, Mnero miaka 15. Wengi wetu hatujakaa kwenye ajira moja miaka 14, na sisi tuna umeme ofisini.

Hata hivyo tusiyatumie maisha haya kuwachapia watumishi wetu. Tumekwisha kusikia kwenye vikao watu wakilalamika kwamba manesi wa siku hizi hawana wito, wanakuja wiki mbili na kuomba uhamisho. Stirling alikuwa na wito, hilo hakuna ubishi. Lakini pia alikuwa na misheni nyuma yake. Misheni ilimpa mahali pa kulala, ikamlisha, ikamtafutia dawa na wafadhili. Dada wa miaka 24 anayeshuka kwenye basi na begi lake na mtoto mgongoni, akaambiwa atafute chumba cha kupanga sokoni mwenyewe, huyo ni nani yuko nyuma yake? Akiitwa saa nane ya usiku kwenda kumzalisha mtu, anatoka peke yake gizani, katika baridi ya Mufindi ya mwezi wa saba ambayo tunaijua sote.

Siasa ilimkuta akiwa Mnero. Uchaguzi wa 1958 ulikuwa wa kura tatu, yaani kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na TANU iliamua kushiriki kwa kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokuwa upande wake. Stirling aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa njia hiyo. Baada ya Uhuru alichukua uraia wa nchi hii.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya. Ni wakati ule watu walipokuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, na kila kijiji kilikuwa kinataka zahanati. Fikra ya huduma ya msingi kwanza, zahanati kabla ya hospitali kubwa, ilikuwa sera ya Tanzania kabla ya mkutano wa dunia wa Alma-Ata mwaka 1978. Aliyekuwa akiisimamia wizarani alikuwa mtu aliyewahi kupasua chini ya paa la nyasi. Si yote ya kipindi chake tunayoyasifu. Sheria ya 1977 iliyozuia hospitali binafsi za kutafuta faida ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kwa maoni yetu haikumsogeza daktari kijijini. Bahati nzuri haikuzigusa hospitali za makanisa, ndiyo maana Ilembula na Tosamaganga ziliendelea kuwapokea wagonjwa wetu.

Alitoka uwaziri mwaka 1980. Alifariki mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 97.

Sasa turudi kwenye nyumba. Tunayoiombea ni ya kuta za tofali za kuchoma, vyumba viwili na sebule, jiko lenye dohani, choo cha ndani, na tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Iwe karibu na zahanati kiasi kwamba mtu akigonga dirisha usiku, muuguzi afike kabla chai haijapoa. Vijana wa nyumbani wamekubali kufyatua tofali na kusomba mchanga, na nguvu zao tumezithaminisha kama mchango. Bei za saruji, mabati na mbao tumezichukua Mafinga na Makambako, zote mbili, mkazilinganishe wenyewe katika jedwali lililo ukurasa unaofuata. Fomu za ahadi ziko mwishoni mwa kijitabu, na kila atakayetoa apewe stakabadhi, hata kama ametoa tofali kumi.