Nondo Ambaye Darwin Hakumwona

Mwaka huu nimeamua kuwasimulia maisha ya Charles Darwin, yule mzee wa ndevu tunayemwona katika vitabu vya biolojia.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka 8. Babake, aliyekuwa daktari, alimpeleka Edinburgh akasomee udaktari. Wapi! Kijana hakustahimili kutazama upasuaji, akaacha. Alichopenda ni kukusanya wadudu. Mnamo 1831 alipanda meli iitwayo Beagle, akazunguka dunia karibu miaka 5. Kitabu chake kikuu kilitoka 1859.

Wengi wetu huishia hapo, tukidhani alifundisha vita tu. Ni kweli aliandika juu ya uwindaji, ukupe na ushindani: kama simba na swara, kupe na ng'ombe, magugu na mahindi. Lakini aliona pia kufaana. Mwaka wa 1862 aliletewa ua la okidi ya Madagaska. Nekta yake ilikuwa mwisho wa mrija wa karibu sentimita 29! Darwin akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufika huko, anywe nekta na kulibebea ua chavua. Baadhi ya wataalamu wa wadudu walimcheka. Akafariki tarehe 19 Aprili 1882 bila kumwona. Kumbe alikuwa kweli! Mwaka wa 1903 nondo huyo alitangazwa kwa wataalamu.

Mbona nawaletea habari za nondo? Nyumbani kwetu, upande wa Bomet, nyanya yangu hupanda vibuyu vya kuwekea mursik, kando ya kichaka kinachopakana na majani chai. Maua ya vibuyu ni meupe, hufunguka jioni, na nondo ni wageni wake wakubwa. Wasipokuja na chavua, ua hunyauka bure.

Likizo ya Aprili baba alitaka kufyeka kichaka chote aongeze chai. Chai ndiyo hunilipia karo, kwa hivyo sikuthubutu kubishana naye. Nilimwomba tu tusimame pale giza likiingia. Nondo wakaja, mmoja mmoja, wakaning'inia hewani mbele ya maua. Nikamweleza kwamba viwavi wao hula majani ya porini, kisha nikamsimulia ya Darwin. Baba akanyamaza.

Kesho yake alifyeka nusu, nusu akaiacha. Ya mwaka ujao siyajui, maana karo haijapungua.

Ndugu zangu, kabla hatujainua panga, tuulize kwanza nani anamtegemea nani. Kidole kimoja hakivunji chawa.