Thomas Bridges na Watu wa Ufuoni

Mwaka 1871 Thomas Bridges na mkewe Mary walifika Ushuaia, kusini kabisa mwa Amerika ya Kusini, kupeleka Injili kwa Wayamana. Watu hao walizunguka kwa mitumbwi, wakila sili, kome na ndege wa baharini. Bridges alikuwa amejifunza lugha yao tangu ujana. Alitafsiri Injili ya Luka, akakusanya kamusi ya maneno 32,000 hivi. Lakini meli za wageni zilikuwa zimewaua sili na nyangumi wengi, na mwaka 1884 surua ikawaangamiza wengi aliowafundisha. Alifariki mwaka 1898. Cristina Calderón, msemaji wa mwisho wa lugha hiyo tangu utoto, alifariki mwaka 2022. Kamusi imebaki. Ndugu wapendwa, tuwasikilize wazee wetu wangali hai.