Siti binti Saad: Wasifu na Sauti Iliyobaki katika Santuri

Mtafiti wa historia ya Afrika ya Mashariki hana budi kutegemea masimulizi ya mdomo. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa 1969, alitegemea sana kumbukumbu za wazee wa milimani, tangu Ugweno na Usangi hadi Upare ya Kusini. Kumbukumbu hizo zimetufikia zikiwa maandishi: msomaji hupata habari, lakini hasikii lafudhi wala mkazo wa msimulizi. Makala haya yanamtazama mtu ambaye hali yake ni kinyume cha hiyo. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, hakujua kuandika, lakini sauti yake ilihifadhiwa.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo miaka ya 1880, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mama yake ya Kizigua. Wote wawili walitoka katika tabaka la watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikufuta dharau iliyoambatana na asili hiyo. Binti huyo alikulia katika kazi ya ufinyanzi, akawa akitembeza vyungu na kuvinadi. Mnamo 1911 alihamia mjini, na huko akafundishwa uimbaji na Ali Muhsin. Baadaye alishirikiana na wanamuziki kama Subeti Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaaban. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, likachukua nafasi ya lile la kuzaliwa.

Wakati huo taarabu ilihusishwa na kasri tangu enzi ya Sultani Barghash (1870–1888), na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu, na aliitwa kuimba mbele ya wakubwa. Hata hivyo, mchango wake mkubwa ni kuipa taarabu ya Kiswahili hadhi mbele ya hadhira za matabaka yote. Nyumbani kwake Ng'ambo, kundi lake lilikutana kufanya mazoezi na kutunga, na habari za mtaa zikageuzwa kuwa nyimbo.

Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Katika miaka michache iliyofuata kundi hilo lilirekodi zaidi ya nyimbo 100, na santuri zake zikauzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo, sauti ya mwanamke wa Ng'ambo ilisikika katika nyumba na mikahawa ya miji ambayo yeye mwenyewe hakuikanyaga.

Siti alifariki 1950. Shaaban Robert, aliyeonana naye mwishoni mwa maisha yake, aliandika wasifu wake, uliochapishwa 1958. Tangu hapo wasomi wengi wamemjua Siti kwa kupitia kitabu hicho. Yafaa isisitizwe kuwa wasifu huo una lengo la maadili: unamwonyesha Siti kama mfano wa juhudi na subira iliyoshinda unyonge. Picha hiyo si ya uongo, ila haitoshi.

Nyimbo zinaonyesha upande mwingine. Mathalani, wimbo wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alitorokea bara, ilhali wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Hapa Siti si mfano wa subira, bali ni mkosoaji wa mahakama za kikoloni, anayesema kwa niaba ya watu ambao hawakuwa na pengine pa kukata rufani. Jalada la mahakama huhifadhi hukumu. Wimbo huhifadhi namna wananchi walivyoipokea hukumu hiyo.

Hata hivyo, santuri nayo si ushahidi mkamilifu. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua takriban dakika tatu tu. Katika hafla wimbo ungeweza kurefushwa, beti zikaongezwa na wasikilizaji wakashiriki. Studioni ulilazimika kukatwa. Aidha, kampuni ilirekodi ilichotarajia kukiuza. Kadhalika, jina la mwimbaji lilitangulia, hali utunzi ulikuwa kazi ya kundi zima. Mtafiti anayezichukua santuri kuwa ndiyo taarabu yenyewe atakuwa amefanya kosa lile lile la anayeuchukua wasifu kuwa ndiyo maisha yenyewe.

Hivyo basi, vyanzo hivi viwili havina budi kusomwa na kusikilizwa pamoja. Wasifu hueleza asili ya Siti na njia aliyoipita, mambo ambayo santuri haiyataji. Santuri nayo hutupa matamshi yake, pumzi yake na kejeli yake, mambo ambayo kalamu ya Shaaban Robert, pamoja na umahiri wake wote, haikuweza kuyanasa. Endapo tutaendelea kufundisha maisha ya Siti kwa kitabu peke yake, tutakuwa tumemnyima kwa mara ya pili kile kilichomtoa Fumba, nacho ni sauti.